Barua ya wazi kwa wanaotuchorea nyumba za mafuriko na gati la abiria

Waheshimiwa mnaosimamia makazi ya waathirika wa maafa, nanyi Waheshimiwa mnaosimamia magati na vituo vya abiria wa pwani,

Asalaam aleikum.

YAH: NYUMBA ZA WAATHIRIKA NA GATI LA ABIRIA KUCHORWA BILA KUWAULIZA WANAOISHI NA MAJI

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi. Nimejenga kwa zaidi ya miaka 30 katika delta ya Rufiji na ng'ambo yake kisiwani Mafia. Nilianza na boriti za mkandaa, aina ya mkoko, na makuti, nikaja kwenye tofali za bloku na bati kama wenzangu wote. Barua ya kwanza juu ya jambo hili niliileta kwa mkono Julai 2024, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, nakala ninayo. Ya pili niliituma Februari 2025. Ya tatu tuliandika pamoja, wazee, manahodha wa mashua na akina mama wanaokaanga samaki pale gatini, tukatia sahihi na wasiojua kuandika wakaweka dole gumba. Hakuna hata moja iliyojibiwa. Kila nilipofuatilia niliambiwa suala linafanyiwa kazi, nirudi wiki ijayo. Nauli ya kurudi wiki ijayo imeniishia, ndiyo maana leo naandika mbele ya watu.

Ofisi zenu sizitaji, na kijiji changu sikitaji. Sitafuti kumfedhehesha mtu. Ninachotaka ni ramani zibadilishwe kabla zege halijamwagwa.

Najua mtashangaa kuona ofisi mbili zimeandikiwa barua moja. Mtasema nyumba za waathirika ni za huku, magati ni ya kule. Basi kumbukeni miezi miwili tu ya mwaka 2024. Aprili mto Rufiji ulifurika, mashamba na vitongoji vya Rufiji na Kibiti vikalala majini. Mwezi huohuo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alilieleza Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeshaua watu 155 nchi nzima. Hatujakauka, Mei 4 kikaja kimbunga Hidaya upande wa Mafia. Boti za Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa. Mvua za kimbunga kile zikaikata barabara ya Kusini pale Somanga, magari ya Lindi na Mtwara yakalala njiani. Upepo ulipotulia, barabara ikiwa bado imekatika, njia iliyobaki kwa watu wa pwani ilikuwa bahari. Sasa niambieni, aliyekimbia maji kwa mtumbwi anashukia wapi? Gatini. Unga wa msaada unapakuliwa wapi? Gatini. Mgonjwa anayepelekwa hospitali anasubiri wapi? Palepale. Kwetu sisi gati na nyumba ya mwathirika ni chumba na sebule ya nyumba moja, lakini ninyi mmevichora kana kwamba kila kimoja kiko nchi yake.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Nyumba mliyotuchorea ni ya nchi kavu

Mwaka jana tuliitwa mkutanoni kuoneshwa ramani ya nyumba ya mwathirika. Ilibandikwa ukutani kwa gundi, maelezo yote kwa Kiingereza, tukapewa dakika chache za kuitazama kabla ya chai. Mimi ramani naisoma. Nikaenda karibu, nikaweka kidole kwenye msingi: sakafu imeinuliwa sentimita 15 toka ardhini.

Sentimita 15! Shemeji yangu nyumba yake ilibaki nguzo tatu baada ya mafuriko, na kwenye nguzo moja maji yaliacha mstari wa tope ambao mpaka leo haujafutika. Niliupima kwa futi kamba yangu mwenyewe, mara mbili, mke wangu akiwa ameshika upande wa chini. Sentimita 142. Nilisimama mkutanoni nikasema. Aliyekuwa anaongoza kikao alisema hoja imepokelewa.

Waheshimiwa, mkulima wa Rufiji haogopi mafuriko kama mnavyodhani. Mafuriko ndiyo yanayotupa rutuba; maji yakishuka tunapanda mlau, yaani mazao ya baada ya mafuriko, kwenye unyevu ule. Na wazee wetu walishajua namna ya kukaa na maji hayo. Shambani walijenga dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, chini maji yanapita, juu mtu na familia yake wamelala, wanalinda mpunga dhidi ya nguruwe na ndege. Ukiliangalia dungu kwa jicho la ufundi utaona mambo ambayo ramani yenu haina. Sakafu iko juu ya maji. Kuta ni nyepesi, zinapitisha upepo. Nguzo zimezikwa ndani ya udongo hasa. Ngazi inaondoleka. Sisemi mtujengee madungu, watoto wanahitaji nyumba inayofungwa na yenye choo. Wala sisemi tukate mikoko, tunajua sheria na vibali vyake, na mikoko ya delta hii ndiyo ngao yetu. Nasema chukueni akili ya dungu muiweke kwenye nguzo za zege na mbao.

Kuna na mengine madogo ambayo kwa mwenye kukaa humo si madogo. Mlango wa choo unatazama barazani, ambako mgeni anakaa. Baraza lenyewe lina upana wa mita moja, mkeka hautandiki. Jiko liko ndani, karibu na kitanda, wakati mama wa huku anapika uwani kwa kuni na anahitaji paa dogo la kuzuia mvua, basi. Upenu ni mfupi, mvua ya upepo itapiga ukuta mpaka uoze. Na sikuona mahali popote kwenye mchoro palipoandikwa kwamba kenchi, mbao zinazobeba paa, zitafungwa kwa mikanda ya chuma kwenye lenta, ile zege ya juu ya kuta. Baada ya Hidaya! Bati lililopigiliwa misumari tu, kimbunga kinalinyanyua kama ungo. Kwa nyumba moja, mikanda hiyo haizidi bei ya milango miwili.

2. Kutuhamisha mbali na riziki

Hili nitalisema kwa ufupi kwa sababu mnalijua. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwatoa watu bondeni Rufiji ikawapandisha kwenye miinuko, ikaitwa Operesheni Rufiji. Nia ilikuwa njema. Mashamba yalibaki bondeni, kwa hiyo watu waliendelea kushuka, wengine kwa saa nyingi za kutembea, na msimu wa kilimo walikaa kwenye madungu yao kama zamani. Desemba 2011 Jangwani, Dar es Salaam, ilipofurika, waathirika walipewa viwanja Mabwepande, zaidi ya kilomita 30 toka walikokuwa wanapata vibarua na biashara. Wako waliorudi bondeni. Wakaitwa wakaidi. Mimi nasema walikwenda kutafuta chakula cha watoto.

Kwa hiyo mkituchagulia eneo, pimeni kwanza umbali wa kutoka pale hadi shambani na hadi gatini, kwa miguu, mtu akiwa na mzigo kichwani. Msipime kwa gari.

3. Madarasa si makazi

Aprili ile tulilala shuleni. Mwalimu Mkuu alitufungulia kwa moyo mmoja, Mungu amlipe. Chumba chetu kilikuwa mita 6 kwa 8. Vipimo vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada duniani kote huvitumia, vinataka kila mtu apate angalau mita za mraba 3.5 za kukaa chini ya paa. Kwa hesabu hiyo darasa lile lilitosha watu 13. Tulikuwa 41. Wanaume tukawa tunalala nje, upenuni, ili wanawake na watoto wapate kunyoosha miguu. Matundu ya choo yalikuwa ya wanafunzi, usiku hakuna taa, na wasichana walikuwa wakisindikizana watatu watatu. Masomo yalisimama. Watoto wetu walikosa nyumba, na watoto wa jirani ambao nyumba zao hazikuguswa wakakosa shule.

4. Gati linaloua taratibu

Hapa naomba mniruhusu nikae kidogo.

Gati tunalotumia ni la zege, refu, limesimama juu. Maji yakijaa, boti inakuja sawa na ukingo, unapiga hatua moja umeshuka. Lakini siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, tofauti ya maji kujaa na maji kupwa kwenye pwani yetu hukaribia mita 4. Maji yakikupwa, boti iko chini kabisa, na kinachokuunganisha nayo ni ngazi ya chuma iliyopigiliwa ukutani mwa gati. Ngazi yetu imeliwa na kutu. Kipago cha tatu kutoka juu hakipo. Kila anayeshuka anatafuta cha nne kwa kidole cha mguu huku boti inapanda na kushuka.

Agosti mwaka jana, kusi inavuma, mpwa wangu alishikwa na uchungu, ikabidi avushwe. Maji yalikuwa yamekupwa. Alishushwa kwa kanga tatu zilizofungwa pamoja, wachukuzi wawili juu wameshika ncha, nahodha chini amenyoosha mikono, na mimi kwenye ngazi naishika miguu yake isigonge zege. Wimbi moja likaisukuma boti mbali na gati. Akabaki ananing'inia. Sijui nilihesabu mpaka ngapi kabla boti haijarudi. Alijifungua salama, mtoto ni wa kike. Lakini yule mchukuzi mmoja mpaka leo nikimkuta haongelei habari ile.

Ukiuliza kwa nini gati jipya lililochorwa nalo ni la zege refu lenye ngazi, unaambiwa ndiyo kiwango. Dawa ya kupwa na kujaa inajulikana: sehemu ya mbele ya gati iwe ya kuelea, ipande na kushuka pamoja na maji, na iunganishwe na nchi kavu kwa daraja jepesi lenye bawaba. Mwenye kiti cha magurudumu atapita, mjamzito atapita, mzee atapita.

Jambo la pili la gati ni umati. Ajali nyingi za vyombo vyetu mizizi yake iko gatini. Aprili 29, 1994 kivuko cha Mtongwe, Mombasa, kilizama muda mfupi tu baada ya kung'oa nanga, wakafa watu 272. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kinakaribia gati la Bwisya, kisiwani Ukara, Ziwa Victoria. Kilikuwa na idhini ya abiria 101, waliokufa peke yao walikuwa 228. Na usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, MV Spice Islander I ilizama mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba. Meli ya watu wasiofika 700. Tume iliyoundwa Zanzibar ilisema ndani yake mlikuwa na zaidi ya 2,400. Miili 203 ilipatikana. Watu 1,370 hawakuonekana tena.

Tulimlaumu nahodha, tukamlaumu mwenye meli, na walistahili. Lakini jengo walilopandia nalo lilichangia. Kituo cha abiria ambacho mtu anaweza kuingilia popote, kisicho na geti la kupitisha mtu mmoja mmoja na kumhesabu, kisicho na ukumbi wa kuwaketisha waliozidi, kinamwachia karani wa tiketi peke yake kazi ya kuzuia umati wenye haraka na jua kichwani. Hatoweza. Abiria aliyesimama juani saa tatu, mtoto mgongoni, hana kivuli wala maji wala choo, akiona boti imefika atapanda hata ikiwa imejaa, kwa sababu kubaki pale ni adhabu. Mkimpa benchi na kivuli, atakubali kusubiri ya pili. Na wanaoshuka wakipewa njia yao, wanaopanda njia yao, na pikipiki na mizigo njia yake, hakuna haja ya watu wote kurundikana upande mmoja wa chombo kinapokaribia gati.

Katika mchoro mpya wa gati letu nimeona ofisi nne, chumba cha wageni maalumu, na maegesho ya magari 12. Sehemu ya abiria kungojea ni mabenchi sita. Kijijini kwetu magari ni mawili.

5. Hamjazungumza ninyi kwa ninyi

Mngezungumza, mngeona kwamba ukumbi wa abiria ulioinuliwa juu ya nguzo, wenye paa imara, vyoo vya kutosha na tangi la maji ya mvua, siku ya kawaida ni mahali pa kungojea boti na siku ya maafa ni makimbilio ya kijiji kizima. Bangladesh walipoteza watu wasiopungua 300,000 kwa kimbunga cha 1970. Tangu hapo wamejenga makimbilio mengi ya ghorofa juu ya nguzo, na mengi kati ya hayo siku za kawaida ni shule. Vimbunga havijaacha kuja kwao, lakini idadi ya wanaokufa imeshuka mno. Wanachotuzidi Bangladesh ni mazoea ya kuchora jengo moja likawa na kazi mbili.

Najua majibu mtakayotoa, kwa hiyo niyajibu mapema ili tusipotezeane muda.

Mtasema fedha hakuna. Hanang, mkoani Manyara, ilipoporomokewa na tope la mlima Desemba 3, 2023, nyumba 109 zilijengwa Waret kwa ajili ya waliopoteza makazi. Nawapongeza waliozijenga, kwa dhati. Maana yake uwezo wa kujenga upo, na fedha mnazo hata za maegesho ya magari 12. Ila ramani iliyochorwa kwa ajili ya watu wa chini ya mlima msiilete mdomoni mwa mto.

Mtasema maafa hayasubiri, hapakuwa na muda wa kuuliza watu. Mafuriko ni ya Aprili 2024, na hamjaanza kujenga. Muda ulikuwepo.

Mtasema ramani zimechorwa na wataalamu. Hatuna ugomvi na wataalamu, tunawahitaji. Mhandisi anajua uzito wa zege kuliko mimi. Mimi najua udongo wa huku unavyokuwa ukishiba maji, na kwamba nguzo isiyozidi kina cha mita moja na nusu huanza kuegemea msimu wa pili. Mwashi na mhandisi wakikaa juu ya mkeka mmoja kwa siku mbili, nyumba itatoka nzuri.

Mtasema watu wa bondeni hata wakijengewa watarudi. Watarudi kulima, ndiyo. Someni tena hoja ya 2.

Tunachoomba ni hiki, na tunakiomba kwa heshima:

Kwanza, ujenzi wa nyumba na wa gati usimame mpaka ramani ziletwe kijijini, zikiwa kwa Kiswahili, zikae kwenye ofisi ya kijiji kwa siku 30, na nyumba moja ipigwe kamba na majivu ardhini kwa ukubwa wake halisi ili akina mama waingie, wapime pa kulala na pa kupikia.

Pili, sakafu ya kila nyumba itakayojengwa mahali palipofikiwa na maji iwe juu ya mstari wa maji wa 2024, na mstari huo utiwe rangi kwenye nguzo za zege katika kila kitongoji kabla tope halijasahaulika.

Tatu, gati liwe na sehemu ya kuelea, geti la kuhesabia, njia tatu zilizotengwa, vyoo vya wanawake visivyopungua vya wanaume, na kivuli cha kutosha abiria wa boti mbili kwa wakati mmoja. Chumba cha wageni maalumu kiwe chumba cha mama anayesubiri kuvushwa.

Nne, ukumbi wa abiria uinuliwe na uandikwe rasmi kuwa makimbilio ya kijiji, na stoo ya chakula, mablanketi na maboya iwe ndani yake, funguo moja ikae kijijini.

Tano, ile ngazi ya chuma itengenezwe sasa hivi. Hili halihitaji mradi wala ramani. Fundi wa kuchomelea nitamtafuta mimi mwenyewe, ninyi toeni kibali, maana mara mbili tumetaka kuitengeneza tukazuiwa kwamba gati ni mali ya serikali.

Tunaomba majibu kwa maandishi, kutoka ofisi zote mbili, kabla vuli haijaanza. Mkiamua kuja wenyewe itakuwa bora zaidi. Njooni siku ya bamvua, maji yakiwa yamekupwa, na mshuke kwa ngazi ileile kama abiria. Kisha tutakwenda pamoja kwa shemeji yangu mkaione nguzo yenye mstari. Amekataa kuing'oa, na ameniahidi hataing'oa mpaka mtakapofika na futi kamba yenu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi mwashi, mkazi wa delta ya Rufiji

Nakala: Ofisi ya kijiji, ubao wa matangazo.